Gome la Mti wa Wazazi

Ukitaka kumtia hasira Mwanarusi wa Munje, mwambie kwamba kuna mtu wa chini ya miaka thelathini pale mjini aliyezaliwa bila ya kupokewa na mikono yake. Atakushika mkono akutembeze nyumba kwa nyumba: huyu nilimpokea mwaka wa njaa, huyu alitanguliza miguu, huyu alikuja na kitovu shingoni nikampiga mgongo mpaka akalia. Hata imamu wa msikiti, mtu na ndevu zake, hakuthubutu kumpita bila ya shikamoo, kwa kuwa bibi huyo alikuwa na habari za siku yake ya kwanza na hakuwa mtu wa kuzificha.

Ukunga aliurithi kwa mama yake, na pamoja na ukunga alirithi mti. Jina la mti wenyewe halikutajwa ovyo. Wanawake waliuita mti wa wazazi. Mzazi, kwa watu wa huku, ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na gome la mti huo lilikuwa la yule mzazi ambaye damu yake imekataa kusimama. Lilitwangwa bichi, likatiwa maji ya moto, akanyweshwa. Kama lilikuwa likiponya lenyewe au ni Mungu tu aliyekuwa akiponya, Mwanarusi hakujiuliza. Alikwisha kuona wanawake wakirudi kutoka huko walikokuwa wakienda, basi.

Mama yake alimwekea masharti, naye aliyashika kama anavyoshika swala. Anza upande jua linakochomoza. Chukua upana wa kitanga kimoja cha mkono, usizidishe. Mwombe mti radhi kabla hujaingiza kisu. Usirudie penye kovu bichi, mpaka lifumbe. Na gome la leo ni la leo. Likilala likakauka, hilo ni kuni.

Siku zile miti ilikuwa saba, imetawanyika katika msitu wa nyuma ya Munje, na hondohondo walikuwa wakila matunda yake na kutema mbegu huku na huko, ndio waliokuwa wakiipanda. Watoto waliozaliwa kwa mwaka walikuwa kumi, pengine kumi na wawili, na nusu yao hawakufika siku ya arubaini. Mama yake Mwanarusi aliwahi kufukia kondo la nyuma na kushona sanda katika juma moja, tena kwa nyumba moja. Baadaye zikaja chanjo, zikaja dawa za homa, na watoto wakaanza kubaki. Mwanarusi aliiona neema hiyo kwa macho yake na akaifurahia kwa moyo wake wote. Mji ulijaa vilio vya watoto wazima, na vyote alikuwa amevianzisha yeye.

Uhuru ulipokuja, watoto wale walikuwa wanaume wenye mabega. Kila mmoja alitaka shamba, aliyepata shamba akataka mke, na mke akataka nyumba ya boriti na kuni za kupikia. Watu wa bara ya Kwale nao wakateremka na mbuzi wao, wakikimbia ukame. Kule Diani hoteli zikaanza kuota, magari yakawa yanakuja kuchukua miti ya kujengea. Wachoma chokaa wakalisha matanuri yao mchana kutwa. Msitu ukarudi nyuma mwaka hata mwaka, mpaka mbega wakawa wanateremka na kuvuka njia kwa miguu, maana matawi hayakufikiana tena. Hondohondo walikwenda zao, wala hakuna aliyeona siku waliyoondoka.

Mwanarusi aligomba. Alikuwa akisimama pembezoni mwa mashamba mapya, kanga kiunoni, akawapigia kelele wakataji. "Nimewatoa matumboni mwa mama zenu ili mje kunimalizia msitu?"

"Sasa mama, tungekaa wapi?" wakamjibu, wakicheka kwa adabu, na shoka mkononi.

Akagomba zaidi. Miti ya wazazi ikaanguka mmoja mmoja, mmoja kwa moto wa shamba, miwili kwa chokaa, mitatu hakujua kwa nini, alikuta visiki tu. Alijaribu kuotesha mbegu kwenye chungu nyuma ya nyumba, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hazikuota. Labda zilitaka matumbo ya ndege kwanza, na ndege hawakuwapo.

Mti wa saba ulisalimika ndani ya shamba la Chirau. Chirau alikuwa kijana mrefu, mpole, mchapakazi, na ndiye mtoto wa kwanza ambaye Mwanarusi alimpokea peke yake, mama yake mkunga akiwa amekaa pembeni anamtazama tu. Alipokuwa akifyeka, Mwanarusi alimwendea. Hakugomba siku hiyo. Alimwambia, "Mwanangu, huu niachie." Chirau akauacha. Akapanda muhogo na korosho kuuzunguka, na huo mti mkubwa, ambao mtu mmoja hakuweza kuukumbatia, ukabaki umesimama peke yake juani.

Mwaka uliofuata Chirau akaoa. Mkewe, Kanze, alikuwa Mduruma kutoka huko bara, msichana wa maneno machache aliyekuwa akibeba debe la maji kichwani bila ya kulishika. Alipojifungua mtoto wa kwanza, damu ikamtoka hadi midomo ikawa myeupe. Mwanarusi alibandua gome umbali wa hatua chache tu kutoka kitandani, akamnywesha, na damu ya Kanze ikasimama. Chirau alilia mbele za watu bila ya haya. Tangu siku hiyo hakuruhusu hata mbuzi afungwe kwenye mti ule.

Habari kama hizo hazikai mahali pamoja. Zamani gome lilikuwa la mwanamke anayekufa. Sasa kila mwanamke alilitaka, damu imezidi au haikuzidi, kwa tahadhari tu, na wengine walikuja kuliomba kutoka Bongwe kwa miguu. Mwanarusi hakumnyima mtu. Angemnyimaje? Tena, tuseme kweli, alipenda kuombwa. Alipenda kutoka na kisu chake asubuhi huku watu wakimpisha njia, na kusikia nyuma yake wakisema, yule anakwenda kwenye mti.

Katika watoto watano aliowazaa mwenyewe, Mwanarusi alibaki na Asiya tu. Asiya aliolewa Majoreni, akarudi kwa mama yake kuzaa mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na siku ile mkeka mzima ulilowa. Mwanarusi hakupenda kuikumbuka. Alikumbuka tu nyayo za bintiye zikiwa baridi mikononi mwake, na jirani akija mbio na kinu, na yeye akitwanga gome alilolikata alfajiri ile huku akisoma kila aya aliyoijua. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Sasa Asiya alikuwa amerudi tena, na tumbo la miezi saba.

Hapo ndipo mti ulipopukutisha majani.

Ilikuwa katikati ya masika. Kila kilichokuwa na mzizi kilikuwa kikichipua, hata nguzo za nyua. Mwanarusi alikwenda kuchukua gome la mke wa mwalimu, akaukuta mti wa wazazi umesimama uchi na majani yake ya manjano yamejaa matopeni. Alisimama pale mpaka mvua ikamlowesha. Kisha akamwona Chirau upande wa pili wa shamba, akipalilia mikorosho yake, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye mikorosho ile, jinsi ilivyokuwa ikikosa jua kwa sababu ya mti.

Hakumsalimu. Alikwenda kwa Mzee Tembo, mzee wa mtaa, akasema ana mashtaka.

Siku ya pili watu walijaa ukumbini kwa Mzee Tembo. Mzee huyu alizoea kesi za mbuzi na mipaka; kesi ya mti hakuwahi kuisikia. Mwanarusi alisimama akasema yote. Kwamba Chirau ameutia mti moto mizizini kwa siri, ili ufe wenyewe, korosho zake zipate jua. Kwamba amevunja ahadi. Kwamba binti yake yuko ndani na mimba kubwa, na mti ukifa na Asiya akitokwa damu kama safari ile, basi atakuwa ameuawa, na muuaji anajulikana.

"Mikono yangu ndiyo iliyomtoa," akasema. "Laiti ningalijua."

Watu wakainama. Neno lile lilikuwa zito hata kwa waliozoea ulimi wake. Chirau alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti. Mzee Tembo akamtaka ajibu.

"Mimi hapa sina la kusema, mzee," alisema Chirau. "Naomba twendeni shambani. Mama aje autazame mti mwenyewe, auzunguke. Akiona alama ya moto, mimi nitahama Munje."

Wakaenda wote, kwa foleni, katika njia ya matope. Walipofika, Mwanarusi alijitenga mbele, akainama kwenye mizizi. Alifukua kwa mikono, hapa na pale. Udongo ulikuwa mweusi, mbichi, umerundikwa vizuri kulizunguka shina, na juu yake samadi. Majivu hayakuwepo, wala mkaa. Akaona labda moto umepita juu zaidi, akaweka kiganja kwenye shina, akaanza kuzunguka.

Alianzia upande wa mashariki, kwenye kovu la kwanza, lile alilolichukua mwaka miti mingine ilipokwisha. Kando yake kovu la mapacha. Kando yake la yule mama wa Bongwe aliyekuja na mvua. La Kanze. La Asiya, ambalo vidole vyake vililijua bila ya kutazama. Halafu mengine, na mengine, yote ya upana mmoja, yamekaa bega kwa bega. Alikuwa akizungumza moyoni na kila moja, jina na siku, na hakugundua kwamba miguu yake ilikuwa imekwisha kufika upande wa machweo na sasa inarudi. Kiganja chake kikagusa gome zima, lenye uhai. Lilikuwa na upana wa vidole vitatu. Baada ya vidole vitatu hivyo likaja kovu tena, na kovu hilo lilikuwa lile la kwanza.

Alisimama. Hapana mtu wa Munje, hata mtoto mchunga mbuzi, asiyejua mti mkubwa unavyouawa. Huukati. Unauzungushia kisu tu, unaondoa gome kiunoni pande zote, unaondoka, na mti unakufa taratibu ukiwa umesimama. Chirau mwenyewe alisafisha nusu ya shamba kwa njia hiyo.

Hakuna siku aliyochukua zaidi ya kitanga kimoja. Hakuna siku aliyosahau kuomba radhi. Kovu bichi hakulirudia hata mara moja; makovu yalikuwa yakikawia kufumba na wazazi hawakuwa wakikawia kuzaa, basi alisogea kando kidogo, kitanga kimoja, na safari nyingine kando tena. Masharti yote ya mama yake alikuwa ameyatimiza. Mama yake alimpa masharti ya miti saba na wazazi kumi.

Watu walikuwa wakingoja. Mwanarusi alihisi uso wake ukiwaka, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifikiri kusema kwamba ameona alama ya moto.

"Ulikuwa ukiniona," alimwambia Chirau, kwa sauti ndogo.

"Kila ulipokuja, mama."

"Mbona hukusema?"

Chirau alitazama chini. "Ningesema nini? Siku moja ulikuja kwa ajili ya mke wangu."

Mwanarusi aliwageukia watu. Aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko wote mjini alitafuta maneno, akapata machache. "Hakuna moto," akasema. "Ni kisu changu. Chirau, mwanangu, nimekusingizia. Niwie radhi." Kisha akaweka kiganja juu ya kile kipande cha vidole vitatu. "Huu ukipata kupona, utaponea hapa. Kuanzia leo mkono wa mtu usiuguse mti huu, na wa kwanza ni wangu."

Mzee Tembo akasoma Fatiha, watu wakaitikia amina, wakatawanyika bila ya kelele. Wengi walikuwa na makovu yao pale, wao au wake zao.

Ikapita miezi miwili. Kila asubuhi Kanze, ambaye naye alikuwa na mimba ya pili, alimwagia shina debe la maji, na Mwanarusi alikuja kutazama. Juma la sita, tawi moja, lile lililo juu ya kipande kizima, lilitoa majani. Yalikuwa matano. Mwanarusi aliyahesabu akacheka peke yake, akarudi nyumbani akamwambia Asiya kwamba mti unapona.

Kuhusu Asiya alikwisha kuamua. Hospitali ya Msambweni ipo, na safari hii watakwenda, mapema, kabla ya uchungu. Alisema Jumatatu, kisha akasema Alhamisi. Binti wa mkunga kuzalia hospitali, na mama yake amekaa nje kwenye benchi kama mgeni. Lilikuwa neno gumu kulimeza, na alikuwa akilitafuna siku baada ya siku. Siku ya Jumatano, baada ya swala ya alfajiri, Asiya aliita kutoka chumbani. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika na uchungu ulikuwa unakuja mbio.

Hapo hapakuwa na hospitali tena. Mwanarusi alimwekea mikono, akaona njia imefunguka. Akaitazama mikono yake na akaona mkeka ule wa miaka mitatu iliyopita. Kutoka nyumbani mpaka kwenye mti ni mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, na damu haingoji nusu saa. Alijua vizuri alichoapa. Alijua pia kwamba amezika wanne.

Alimwita jirani akae na Asiya. "Nakwenda na kurudi," akasema, akachukua kisu.

Hakuomba radhi siku hiyo. Aliona haya. Alisimama mbele ya mti, akaweka ncha ya kisu juu ya kipande cha vidole vitatu, akakishusha chini, akabandua. Kilitoka chepesi, kimejaa maji, kinanukia. Juu yake majani matano yalikuwa yakicheza na upepo. Hakuyatazama. Alikimbia, mwanamke wa miaka sitini na ushei, kanga inamporomoka, mpaka mlangoni kwake, na mlangoni akasikia mtoto analia.

Jirani alikuwa anacheka. Asiya alikuwa ameegemea ukuta, uso umemlowa jasho, mtoto wa kike kifuani. Mwanarusi alipiga magoti akatazama. Damu ilikuwa kidogo, damu ya kawaida ya mzazi, na tayari ilikuwa inakoma. Alikandamiza tumbo, akasubiri, akatazama tena. Ilikuwa imesimama.

"Mama, mbona unalia?" Asiya akauliza. "Mimi mzima."

"Alhamdulillahi," akasema Mwanarusi. "Alhamdulillahi," akasema tena, na alikuwa anamaanisha, na hata hivyo hakuweza kunyamaza. Gome lilikuwa limelala kwenye sinia kando ya kinu, halijaguswa.

Alikata kitovu, akamwogesha mtoto, akamlisha Asiya uji. Adhuhuri ilipopita alilichukua gome, akalifunga katika kitambaa kibichi, akachana ukingo wa kanga yake na kurudi shambani. Alilirudisha mahali pake, pembe kwa pembe. Lilikaa sawasawa, kama halikutoka. Akalizungushia ule ukanda wa kanga, akakaza, akaongeza fundo jingine. Alijua anachofanya ni upuuzi. Gome lililobanduka halirudi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine hivyo.

Nyuma yake nyasi zikalia. Alikuwa Kanze, debe kichwani, tumbo mbele, na kijana wake wa kwanza ameshika kanga yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimesikia Asiya amejifungua. Mzima?"

"Mzima. Yeye na mtoto."

"Tumshukuru Mungu." Kanze akatabasamu, akatua debe polepole, akashika kiuno. "Mimi nimebakisha kama mwezi. Nitakuja kwako, mama, kama safari ile."

Mwanarusi hakugeuka. Katika miaka thelathini hakuwahi kumrudisha mwanamke hata mmoja, awe wa hapa au wa mbali, na neno lile lilipomfikia mdomoni hakuijua ladha yake.

"Usije kwangu," akasema. "Wiki mbili kabla, Chirau akupeleke hospitali Msambweni, ukae hukohuko. Msisubiri uchungu. Msifanye kama nilivyofanya mimi."

Kanze aliondoa mkono kiunoni. Kisha akauliza, taratibu, "Nimekukosea nini, mama?"

Ndipo Mwanarusi alipogeuka, na Kanze akauona ule ukanda wa kanga, na mafundo, na utomvu uliokuwa ukitiririka chini yake. Alitazama muda mrefu. Mkono wake ulikwenda tumboni ukabaki pale.

Aliinama kwa shida, akainua debe, akalimwagia shina maji yote, kama alivyokuwa akifanya kila siku.